Miguu ya Kumuagia Violeth

Siku mguu wa Yoakimu ulipomtandika mkewe teke, nyumba nzima ilishangilia. Gaudensia alikuwa ameinama kitandani akimvalisha soksi, mguu ukaruka ghafla ukampata ubavuni, naye badala ya kulia kwa maumivu akapiga vigelegele vilivyosikika hadi kwa jirani. Mguu uliokuwa umelala tangu mavuno, leo umepiga! Kabla jua halijazama mbuzi alikuwa ameshachinjwa, na Jumapili iliyofuata jina la Yoakimu lilitajwa kanisani hapo Nangwa kati ya watu waliotendewa makuu.

Tusiwacheke. Yoakimu alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkokoteni uliojaa mabua ya mahindi, maksai waliposhtuka wakiteremka korongoni, akafikia mgongo. Hospitalini walisema uti wa mgongo umeumia ila haujakatika. Mwanamume aliyekuwa akilima shamba lake na la jirani siku moja, akarudishwa nyumbani amebebwa kwenye blanketi, miguu inaning'inia tu. Ukishamgeuza mume wako kitandani kama gunia la mbaazi msimu mzima, hata teke litakuwa habari njema.

Kwa hiyo Gaudensia alipompeleka kliniki Katesh, alikwenda amevaa kitenge kipya. Aliyewapokea ni Shamsia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa wafanyabiashara wa pale pale mjini, ambaye watu walimwita daktari hata alipokataa. Shamsia akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasimuliwa habari ya teke, ya mbuzi na ya kanisani. Akasikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu. Akauinua mguu wa Yoakimu, akaukunja taratibu, kisha akaukunja kwa haraka, nao ukagoma katikati kama mlango uliowekewa gogo kwa ndani.

"Mama, huku si kupona," akasema. "Ng'ombe wana nguvu zao zote. Aliyeshika plau ndiye hayupo."

Shamsia akamweleza polepole kwamba ubongo ndio huiambia misuli ikaze, ilegee, itulie. Sasa njia ya kupitisha amri imeharibika pale mgongoni, kwa hiyo misuli ya chini imebaki haina wa kuituliza. Ukiigusa inakaza. Ukiivuta ghafla inakaza zaidi. Baridi inaikaza, kibofu kikijaa kinaikaza, hata kunjo la shuka linatosha. Aliyasema kwa upole, lakini yaliingia kama maji ya baridi shingoni. Njiani kurudi Gaudensia alikuwa anamfikiria yule mbuzi, na Padri, na wale wote waliompa mkono wa pongezi, na hasira ikampanda kwa Mungu na kwa Shamsia kwa pamoja, bila kujua amwanze yupi.

Tangu hapo akaichukia ile miguu. Nasema kuichukia, na sipunguzi neno. Asubuhi za baridi ya Mlima Hanang magoti yalibanana hata kumvisha suruali ikawa mieleka ya watu wawili. Usiku miguu ilirusha mateke mpaka akahamia kitanda cha pili. Bibi yake Gaudensia alikuwa fundi wa kulainisha ngozi za ng'ombe, anazipaka siagi na kuzikanda mpaka zinakunjika kama kanga, naye akaona kazi ni ile ile: akaikanda miguu ya mumewe kwa samli na kwa nguvu zake zote. Miguu ikajibu kwa kukaza mara mbili. Shamsia akaja nyumbani akamkuta katika vita hivyo, akamshika mikono. Akamwonyesha kuinyosha pole pole, kuishikilia hapo, kusubiri, mpaka yenyewe ikate tamaa.

Aliyejifunza vizuri ni Violeth, kitinda mimba wao. Yeye ndiye aliyemnyosha baba yake kila siku, akamgeuza asipate vidonda, akampa vile vidonge vya kulegeza misuli alivyoandikiwa na daktari, kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Na siku moja, kwa mshangao wa wote, baba mtu akashika nguzo ya mlango, akajivuta, magoti yakajifunga, akasimama. Alisimama kama mti, kweli, hakupiga hatua, lakini alisimama, akaliona shamba lake la alizeti kwa mara ya kwanza toka aanguke. Yoakimu alilia. Shamsia alipoletewa habari hizo alifurahi, akamwambia Gaudensia asije akaongeza kidonge hata kimoja bila kumuuliza, kwa maana miguu hii, mama, unavyoiona imekaza hivi… Gaudensia akamkata. Ndama alikuwa ameingia kwenye maharage. "Nimesikia, mwanangu, nimesikia," akasema, akatoka mbio na fimbo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Hapa aliyekataa kusikia alikuwa mmoja, na guu lilikuwa la mwingine.

Violeth akachumbiwa. Kijana ni Maximilian wa Dongobesh, mwalimu, mpole, mwenye ukoo wa watu wenye kauli. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kaka mkubwa wa Yoakimu, mzee Alfredi, alipokuja kukumbusha desturi ya nyumba yao. Katika ukoo ule baba humuaga binti akiwa amesimama mlangoni. Humshika mkono, husema maneno yake, ndipo humkabidhi kwa mzee wa upande wa pili. Baba akimuaga amekaa, maana yake mazungumzo hayajaisha, na wakwe watarudi nyumbani mikono mitupu. Na akimuaga huku anatetemeka, maana yake moyo wake haujakubali. Binti aliyetolewa na moyo usiokubali, alisema Alfredi, hata akizaa, watoto wake huitwa wa kuazima.

Yoakimu akasema atasimama. Akajivuta kwenye nguzo kumwonyesha kaka yake, na kweli akasimama. Lakini kisigino cha kulia kikaanza kupiga ardhi chenyewe, tapa tapa tapa, mfululizo, paja likiruka, na kadiri alivyojaribu kukituliza ndivyo kilivyozidi. Ni jambo la kawaida kwa miguu ya namna hiyo, Shamsia alikwisha kuwaambia, halina ubaya. Alfredi hakuambiwa na Shamsia. Alikitazama kile kisigino, akatikisa kichwa, akaaga.

Basi Gaudensia akakosa amani. Mumewe kusimama, atasimama. Bali wakwe watakisikia kile kisigino, na watakitafsiri kwa lugha yao. Mwanawe ataingia Dongobesh na jina baya kabla hajafungua hata begi. Na dawa ya kulegeza ipo ndani, kwenye mkebe, juu ya kabati.

Harusi ilikuwa ya watu. Misa ikaisha salama, watu wakajaa uani chini ya turubai, wakala, wakanywa, kwaya ikaimba. Shamsia alialikwa naye akaja na mamake, wakakaa meza ya mbele na sahani zao za kuku aliyechinjwa na mtu wao. Mchana watu walipokuwa wakipakuliwa, Gaudensia aliingia ndani akampa mumewe vidonge, akaongeza juu yake, akamwambia ni vya leo. Yoakimu akavimeza. Kwa nini amshuku mtu aliyemwogesha mwaka mzima?

Kwa muda aliona amefanya jambo la maana. Alikuja kumchungulia, akashika goti, likakunjika kwa ulaini aliokuwa ameusahau. Akamvalisha suti, na suruali ikaingia bila mieleka. Alimshukuru Mungu pale pale, amepiga magoti, mikono ikiwa kwenye kamba za viatu. Yoakimu alikuwa akisinzia kidogo, na mkewe akasema ni uchovu wa Misa.

Jua lilipoelekea mlimani mshenga akatangaza kwamba wageni wana safari. Kwaya ikanyamaza. Mzee Herman, babake mdogo Maximilian, akasogea na fimbo yake mpaka mbele ya mlango, ukoo mzima wa Dongobesh nyuma yake. Vijana wakamleta Yoakimu na kiti chake hadi kizingitini. Violeth akasimama mbele ya baba yake na shela lake. Yoakimu akashika nguzo kwa mkono wa kushoto, akampa binti yake wa kulia, akajivuta kama alivyojivuta siku zote.

Akainuka. Kwa kitambo kidogo akawa juu, na Gaudensia akaona kisigino kimetulia, kimya kabisa, akataka kupiga vigelegele. Ndipo magoti yakakunjika. Yalikunjika yote mawili kwa pamoja, bila kupinga, na yule mwanamume akashuka kwenye kizingiti kama nguo iliyoanguka kwenye kamba, akamvuta binti yake, wakaenda chini wote wawili katika vumbi, shela juu yao.

Watu zaidi ya mia uani, na ukasikia bati likilia kwa upepo. Gaudensia alitaka kwenda akaona miguu yake yeye ndiyo haina amri. Alimwona Alfredi akijifunika uso kwa kofia. Alimwona Herman amesimama vile vile, mkono umenyoshwa kumpokea bibi harusi, na hakuna wa kumpokea.

Shamsia ndiye aliyewahi. Alipiga magoti, akamlaza Yoakimu kwa ubavu, akamwita jina, akamfungua macho, akakunja goti, na hapo uso wake ukabadilika. Akauliza, kwa sauti ya chini, leo amepewa dawa kiasi gani.

"Nimempa mimi," Gaudensia akasema, na sauti aliyoisikia haikuwa yake. "Nimeongeza. Ili miguu isitetemeke mbele ya watu."

Violeth, aliyekuwa bado chini, akamgeukia mamake. Akasema kwamba na yeye amempa. Aliporudi kanisani, kabla ya kubadili viatu, aliingia kumsalimia baba yake, akampa vya jioni mapema na akaongeza. Kwa sababu ile ile.

Mama na binti wakatazamana. Kila mmoja alikuwa ameibeba aibu ya kile kisigino peke yake, kwa siri, na kwa siri wote wawili wakaendea mkebe ule ule. Gaudensia anasema mpaka leo kwamba hajawahi kupigwa namna ile, na amewahi kufiwa.

Shamsia akampigia simu daktari aliyemwandikia dawa, akamtajia kila kitu, akasikiliza. Kisha akawaambia: aangaliwe pumzi, aamshwe kila mara, na akikataa kuamka apelekwe hospitali hapo hapo, gari la maharusi lipo. Alfredi akasema vile vidonge ni sumu, akauchukua mkebe aende akautupe chooni. Shamsia akamzuia. Akamwambia kwa heshima kwamba kuziacha dawa hizi ghafla kuna hatari yake, mtu anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa. Atarudia kipimo chake wakati daktari atakaposema. Ubaya haukuwa ndani ya mkebe.

"Mama," akamgeukia Gaudensia, na sasa alilimaliza lile neno lililokatwa na ndama. "Baba miguu yake haina nguvu ya kumbeba. Alikuwa anasimama kwa huko kukaza. Huko kukaza ndiko kulikuwa mguu wake. Tulikuwa tunapunguza kidogo tu, alale, avae. Hatukutaka kuishe kabisa."

Gaudensia akakaa chini, palepale, na kitenge chake cha harusi. Mwaka mzima alikuwa ameomba rozari ili miguu ile ilegee. Alikuwa ameinenea maneno ambayo siwezi kuyaandika. Na kumbe ndiyo iliyomwinua mumewe akaona alizeti. Machozi hayakuja, maana machozi huja ukishaelewa, na yeye alikuwa bado anaanguka.

Yoakimu akafumbua macho. Ulimi ulikuwa mzito, lakini akili zilikuwepo, na alikuwa amesikia.

"Mama Violeth," akasema. "Ulinilegeza kwa ajili yangu, au kwa ajili ya wageni?"

Lilikuwa swali dogo. Ukweli ulikuwa mmoja na wote pale walikuwa wameshausikia.

"Kwa ajili ya wageni," mkewe akasema.

Sasa hapo ilibaki shauri la bibi harusi. Alfredi, kwa sauti ya mtu anayezika, akasema baba ameshindwa kusimama, mazungumzo hayajaisha, wageni waende salama na watu watakutana siku nyingine. Maximilian akashika kichwa. Violeth akasema haendi popote, na hata bila desturi asingeondoka baba akiwa katika hali ile. Macho yote yakamwendea Herman, na Gaudensia akajua kwamba huyu mzee akigeuza fimbo yake kuelekea magari, ndoa ya mwanawe imeingia ufa siku yake ya kwanza.

Herman akamuuliza Shamsia ile dawa itamtoka mtu lini. Shamsia akasema pengine asubuhi, hawezi kuahidi. Herman akafikiri, kisha akawaambia watu wake wateremshe mablanketi.

"Tutalala," akasema.

Ndugu yangu, wakwe kulala nyumbani kwa bibi harusi, siku ya kumchukua! Wazee wa Nangwa waliangaliana kama watu waliosikia ng'ombe akisema. Haijawahi kutokea, na tangu hapo haijatokea tena. Herman hakueleza sana. Alisema mazungumzo yasipoisha mtu haondoki, ndiyo desturi, si mmesema wenyewe? Akaketi kando ya ukuta akaomba chai.

Wakalala, wengine kwenye magari, wengine chini ya turubai na baridi yote ile. Gaudensia na Violeth walikaa na Yoakimu kwa zamu ya kumwamsha, naye akaamka kila alipoitwa, akilalamika. Katikati ya usiku Violeth aliuliza nani atamnyosha baba kuanzia kesho, na mamake akasema yeye, na Violeth akasema umnyoshe pole pole mama, usubiri, na mamake akasema ndiyo, nifundishe tena.

Kulipopambazuka Gaudensia akaweka mkono chini ya goti la mumewe na kulikunja, akakuta linapinga. Kidogo. Akalikunja kwa haraka, likagoma. Akaupigia mguu ule magoti. Akauambia, kwa sauti, mbele ya binti yake, kaza. Kaza, baba. Ndipo alipolia.

Walimtoa tena mlangoni jua likiwa limechomoza, Shamsia amerudi kutoka Katesh na kumpima na kukubali, vijana wawili tayari kwa nyuma. Watu walikuwa wachache sasa, na nguo zao zimejikunja, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kwaya. Yoakimu akashika nguzo. Akajivuta. Magoti yakafunga, moja, kisha la pili, akasimama.

Na kisigino kikaanza. Tapa tapa tapa juu ya kizingiti, paja likiruka ndani ya suruali ya suti, na asubuhi ile ilivyokuwa kimya hakuna asiyesikia. Alfredi akainamisha kichwa. Gaudensia akatamani kumfunika mumewe kwa kitu chochote, kanga, mwili wake, kisha akaizuia mikono yake kwa nyuma na kuibana huko.

Yoakimu alimshika Violeth mkono, akamtazama Herman.

"Mzee, kwetu wanasema baba akitetemeka moyo wake haujakubali," akasema. "Mke wangu na mwanangu walijua hivyo, ndiyo maana wakanilegeza. Daktari atakuambia ni ugonjwa tu. Na ni ugonjwa kweli. Lakini nisikudanganye. Sijakubali."

Maximilian akapiga hatua mbele na babake mdogo akamzuia kwa fimbo.

"Huyu mtoto amenigeuza kitandani wakati mimi mwenyewe najiona maiti," Yoakimu akaendelea, na kisigino kikawa kinapiga chini ya kila neno. "Amenisimamisha. Nani atakubali kumtoa mtu wa namna hiyo? Aliyesimama hapa mbele yako akatulia tuli, huyo hakumpenda bintiye. Mimi sikubali, na ninamtoa. Mpokee."

Akauweka mkono wa Violeth katika mkono wa Herman. Yule mzee aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, na wakati akiushika Gaudensia aliona, na wote waliokuwa pale waliona, kwamba mikono ya Herman nayo ilikuwa inatetemeka.